KUKOPA PASI NA USO

Ndugu zetu wasomaji wamekuwa wakituletea suala moja kwa njia mbalimbali, nalo ni hili: Je, yafaa Mwislamu kukopa fedha kwa simu? Mmoja huuliza khabari ya mkopo wa siku moja, mwengine khabari ya ule wa mwezi, na mwengine huuliza kama fedha ile inayokatwa juu ya mkopo ni riba au ni ujira wa kazi. Suala hili lilisomwa katika darasa letu, likajadiliwa kwa siku mbili, kisha wenzangu wakaniamrisha niandike niliyo nayo juu yake. Hawakuniamrisha kwa sababu ya elimu, maana katika darasa wamo walionizidi kwa mbali. Waliniamrisha kwa sababu mbili: ya kwanza, kazi yangu ni kutengeneza redio na simu, na ya pili, mimi mwenyewe nimepata kukopa kwa simu, nao walijua. Basi atakayesoma maneno haya asiyachukue kuwa ni fatwa. Fatwa ina wenyewe. Haya ni mazungumzo ya fundi juu ya chombo chake na juu ya nafsi yake.

Napenda nianze kwa kusema wazi kuwa mimi si adui wa vyombo vipya. Nilipokuwa mtoto niliifungua redio ya marehemu baba yangu kwa bisibisi, nikitaka kumuona yule mtu asomaye khabari. Nilichapwa, na redio ikakaa kimya wiki nzima mpaka fundi akaja. Nami nilikaa mbele ya fundi yule siku nzima nisitake hata kula. Mapenzi yale hayakunitoka. Hata leo simu ya namna mpya ikiletwa dukani, huifungua kwa furaha ya mtu afunguaye barua itokayo kwa ampendaye. Ndani ya simu yangu mna nyakati za sala, mna kibla, mna kamusi ya Kiarabu, mna ramani, mna khabari za maji kujaa na kupwa ambazo jirani yangu mvuvi huja kuniuliza kila alfajiri. Baba zetu walihitaji kabati zima kuweka vitu hivyo, na vyengine hawakuvipata kabisa. Neema ya namna hii asiyeishukuru ni mjinga.

Wala sisi watu wa pwani hatukuanza leo kubishana juu ya vyombo. Ilipokuja santuri watu walibishana. Ilipokuja redio watu walibishana zaidi, na khasa juu ya mwezi: je, khabari ya mwandamo ikitangazwa kwa redio kutoka mji wa mbali, tufunge na kufungua kwayo, au tungoje jicho la mtu wa hapa kwetu? Nyumba moja yaweza kuwa na watu wawili, mmoja amefunga na mwengine anakula Idi. Na pamoja na mabishano hayo, walikuwako waliovitumia vyombo kwa kheri bila ya kungoja mabishano yaishe. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa mjini Mombasa mwaka wa 1930, na mwaka wa 1932 akatoa Al-Islah, akawasemesha watu wa miji hii kwa lugha yao juu ya dini yao na dunia yao. Kitendo chake chatufunza kuwa karatasi na mtambo havina dini wala ukafiri. Dini na ukafiri vimo katika yanayoandikwa.

Kwa miaka mingi nilidhani kuwa maneno hayo yametosha. Nilikuwa nikiwaambia wateja wangu: chombo ni kama kisu, waweza kuchinjia kuku na waweza kumdhuru mtu, na kisu hakina hatia. Sasa naona kuwa maneno haya ni kweli, walakin ni nusu ya kweli. Kisu kikiwa jikoni hukaa pale pale mpaka ukakichukue. Hakikuiti usiku. Hakikwambii, "Ndugu mteja, leo waweza kukata zaidi ya jana." Programu ya mkopo ni kitu chengine: imo mfukoni mwako, yajua siku unayopata mshahara na siku unayopungukiwa, na saa ile ile ya kupungukiwa ndiyo saa inayokuletea ujumbe. Huyo si kisu. Huyo ni mfanyabiashara aliyeketi mlangoni mwako mchana na usiku. Basi mfanyabiashara huulizwa maswali ya mfanyabiashara: Wauza nini? Kwa bei gani? Na mkataba wako wasemaje?

Jambo hili sikulifahamu nikiwa dukani kwangu Mombasa. Nililifahamu mbali sana na bahari, katika kijiji kiitwacho Rapsu, na hapana budi nieleze namna ilivyokuwa.

Rafiki yangu mmoja hufanya biashara ya mitambo ya sola. Wakulima wa Rapsu walimwita awatengenezee pampu ya maji, naye akanichukua nimsaidie. Rapsu iko upande wa kusini wa Kaunti ya Isiolo, katika wadi ya Kinna, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Meru. Tulipita Nairobi, tukapita Meru na Maua, kisha tukateremka milima ya Nyambene yenye miraa na baridi mpaka katika nchi tambarare yenye joto na miiba, joto ambalo hata sisi wa pwani tulilistahi. Wenyeji ni Waborana, nao wengi wao ni Waislamu. Kwa asili ni wafugaji. Walakin vita vile vya miaka ya 1963 hadi 1967 vilivyoitwa vya Shifta viliwapotezea watu wa Isiolo mifugo mingi mno, na ukame wa mara kwa mara ukaongeza juu yake. Ndiyo maana leo katika sehemu hizo utaona mashamba yanayonyweshwa kwa mifereji, na mfugaji ameshika jembe. Ukame wa karibuni, ulioanza mwishoni mwa mwaka wa 2020, ulileta misimu mitano mfululizo isiyokuwa na mvua ya kutosha, na habari zake bado zi vinywani mwa watu.

Nilifikiri, kwa kiburi cha mtu wa mjini, kuwa nakwenda mahali ambapo simu haijafika. Nilikuta mambo kinyume. Mzee aliyetukaribisha alikuwa na simu ndogo ya vitufe, imefungwa kwa mpira kwa sababu kifuniko chake kimevunjika, naye aliitumia vyema kuliko wengi ninaowatengenezea simu za bei kubwa. Kwa simu ile alijua bei ya vitunguu Maua kabla ya dalali kuja kumdanganya. Kwa simu ile mwanawe aliyeko Nairobi humpelekea fedha za karo za wadogo zake. Kwa tochi ya simu ile hutoka usiku kuangalia kama ndovu wameingia shambani. Na ikiisha chaji huiweka juani na kipande cha sola, kisha akaisahau mpaka jioni. Nilisema moyoni mwangu: huyu ndiye bwana wa simu, na simu ni mtumishi wake, nami niliye fundi sina hakika ya cheo changu.

Jioni ya siku ya pili, baada ya sala ya Magharibi, alikuja kijana mmoja akaketi pamoja nasi. Hakusema neno mpaka chai ikamalizika. Kisha akaeleza kuwa mkewe ni mgonjwa, ataka kumpeleka hospitali, na amepungukiwa na shilingi elfu sita. Walikuwapo wazee watatu. Wakamuuliza maswali, na baadhi yake yalikuwa mazito: mbona aliuza mbuzi mwezi uliopita, na fedha zilikwenda wapi? Kijana akajibu, uso wake ukitazama chini. Mzee mmoja akatoa elfu mbili papo hapo. Wa pili akaahidi elfu moja asubuhi. Mwenyeji wetu akasema atatoa tatu zilizobakia. Wakaagana kuwa atarejesha vitunguu vikivunwa, na mtoto wa mwenyeji akaandika katika simu: fulani, kiasi kadha, mpaka wakati fulani, na walioshuhudia ni hawa. Hapana aliyetaja nyongeza. Wala sidhani kuwa fikira ya nyongeza iliwapitia.

Nikamwambia mzee kuwa jambo hili limenipendeza. Akaniambia kuwa si jambo geni kwao. Tangu zamani Waborana wana desturi iitwayo busa gonofa: mtu aliyepotelewa na mifugo kwa ukame, kwa maradhi au kwa adui huenda mbele ya ukoo wake akaeleza hali yake, nao wakamchangia ng'ombe aanze tena maisha. "Lakini lazima aje mwenyewe," akasema mzee. "Lazima aseme mbele ya watu. Hatumpi mtu aliyejificha."

Wakati ule ule mtandao, ambao ulikuwa ukija na kupotea mchana kutwa, ukarudi; na simu yangu ikalia. Ulikuwa ni ujumbe wa kampuni nisiyoitaja, ukinikumbusha kuwa deni langu litafika mwisho kesho yake, na kuwa nikichelewa litaongezeka. Nilikuwa nimekopa shilingi elfu tano kabla ya Idi, na haikuwa kwa ugonjwa wala kwa njaa. Ilikuwa ni kwa kuwa nguo za watoto wa jirani zilikuwa nzuri kuliko za wanangu. Mzee aliona uso wangu ukibadilika, akauliza kama kuna msiba nyumbani.

"La, Mzee," nikasema, "ni deni tu."

"Nani amekukopesha, fundi?"

"Ni simu."

Akanitazama kitambo, kisha akasema, "Simu ina ng'ombe?"

Wote tulicheka, nami nikacheka pamoja nao. Walakin usiku sikupata usingizi. Simu haina ng'ombe. Basi ng'ombe ni wa nani? Na mimi nimesimama mbele ya nani nikaomba? Nilijua kuwa sikusimama mbele ya mtu yeyote. Nilikopa nikiwa nimelala kitandani, taa imezimwa, mke wangu amelala kando yangu, na kazi yote haikuchukua muda wa kusoma Al-Fatiha mara mbili.

Sasa na turudi kwenye suala. Tuchukue mikopo inayojulikana na kila mtu. M-Pesa ilianza nchini Kenya mwezi wa Machi 2007, na katika asili yake haikuwa mkopo. Ilikuwa ni njia ya kupeleka fedha kwa mtu aliye mbali, na kinachotozwa ni ujira wa kupeleka, kama ujira wa tarishi. Hapo hapana neno. Mwezi wa Novemba 2012 ikaletwa M-Shwari, na humo mkopo wa siku 30 ukatozwa ada ya 7.5 katika kila mia. Aliyekopa shilingi 1,000 kwa ada hiyo alirejesha 1,075, na asipoweza aliongezewa siku 30 nyengine na ada nyengine. Januari 2019 ikaja Fuliza, ambayo humkopesha mtu pale pale fedha zimpungukiapo, kwa ada ya asilimia 1 na juu yake ada ya kila siku kwa kadiri ya deni. Ada hizo zilipunguzwa mwaka wa 2022, lakini hazikuondolewa. Mtu husema, saba na nusu ni kidogo. Na azidishe kwa miezi kumi na miwili: ni tisini katika mia kwa mwaka mmoja.

Huenda msomaji akasema: hiyo si riba, ni ada ya kazi, na kila kazi ina ujira wake. Jawabu ni kuwa maneno haya wanachuoni wameshayapima. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lenye makao yake Jeddah lilipokutana Amman mwaka wa 1986 liliamua kuwa mwenye kukopesha aweza kutoza gharama za kazi ya mkopo, kwa sharti kuwa zisizidi gharama zilizotumika kweli; na chochote kinachozidi juu ya hapo ni riba. Basi hapa fundi naye ana neno la kusema. Je, kazi ya mtambo kukopesha shilingi 10,000 ni mara kumi ya kazi yake ya kukopesha 1,000? Hasha. Mtambo hautoki jasho zaidi kwa ajili ya sifuri moja. Na deni likikaa siku moja zaidi, mtambo umefanya kazi gani siku hiyo hata ustahili ujira? Haukufanya kitu, umengoja. Ada inayokua kwa kukua kwa mali na kwa kupita kwa siku haikufuata kazi. Imefuata mali na wakati, na hiyo ndiyo sura ya riba, hata likiitwa kwa jina zuri namna gani.

Na Qur'ani, katika Sura ya Al-Baqara, imetuwekea njia ya deni kwa urefu usiowekewa jambo jengine: aya ya 282, iliyo ndefu kuliko zote, yatuamrisha tuandike deni na muda wake na tuweke mashahidi, na kabla yake kidogo, katika aya ya 280, mwenye kudai aamrishwa ampe muda mdaiwa aliye katika dhiki, na kusamehe ni bora zaidi. Tazama ajabu iliyoje: wale wazee wa Rapsu walitumia simu kwa ile aya ya kuandika, na ile kampuni yangu ilitumia simu kinyume cha aya ya kupeana muda. Chombo ni kimoja.

Hata hivyo, lau suala lingekuwa la riba peke yake, nisingeandika kurasa hizi; mtu angejibiwa kwa neno moja akaenda zake. Liko jambo la pili ambalo naliona ni kubwa, nalo ni kwa nini sisi, ambao twaijua riba tangu madrasa, twaikimbilia. Jawabu la ukweli ni kuwa twaona haya. Kumwambia ndugu "nimepungukiwa" ni kuzito kuliko kubonyeza kitufe. Simu haiulizi fedha za mbuzi zilikwenda wapi. Haina uso, nasi hatuhitaji kuwa na uso mbele yake.

Na hapa napenda niwe mwadilifu, nisiwasifu watu wa zamani kwa sifa wasizostahiki. Kijana yule wa Rapsu aliulizwa maswali mbele ya wageni, huenda yalimuuma. Katika miji yetu mambo ni mabaya zaidi. Wapo wenye kukopesha shilingi mia tano wakasimanga kwa elfu tano. Mtu huazima fedha kwa ajili ya jeneza, na kabla ya arubaini mtaa mzima umejua, na katika harusi akipita na kanzu mpya huambiwa, "Deni letu hilo linatembea." Mwanamke mjane huenda nyumba ya tajiri akarudi na maneno badala ya unga. Mtu wa namna hii akisema, "Bora nilipe riba nihifadhi heshima yangu," mimi sina ujasiri wa kumkemea. Yeye ametafuta sitara. Sisi ndio tuliomnyima.

Walakin sitara ile nayo ni ya uwongo. Wakopeshaji kadha wa kwenye simu, ili wakukopeshe, waliomba kwanza ruhusa ya kutazama majina yote yaliyomo katika simu yako; ukichelewa, waliwapigia mkweo, imamu wako na bwana wa kazini kwako, wakawaeleza kuwa wewe ni mdaiwa usiyelipa. Nimeletewa simu dukani na watu wanaolia, wakinitaka niwafutie kitu ambacho hakifutiki tena, kwa sababu majina yalikwisha chukuliwa. Jambo hili lilifika hadi Bunge la Kenya likatunga sheria mwaka wa 2021 kuwaweka wakopeshaji hawa chini ya Benki Kuu, na kanuni za mwaka wa 2022 zikawakataza kuwatisha wadaiwa na kuwaandama jamaa na marafiki walioandikwa katika simu zao. Basi aliyemkimbia jirani mmoja mwenye simango alijikuta mbele ya simango la watu mia tatu.

Msomaji atauliza: je, hapana njia ya halali kwa chombo hiki hiki? Ipo, wala tusikate tamaa. Mwaka wa 2010 huko Marsabit ilianzishwa bima ya mifugo inayopima ukame kwa picha za setelaiti: malisho yakikauka kupita kiasi, mfugaji hulipwa. Mwaka wa 2013 kampuni ya Takaful Insurance of Africa ikaleta bima ya namna hiyo kwa wafugaji wa Wajir kwa msingi wa takaful, yaani wa watu kuchangiana na kubebana. Huo ni mfano wa elimu mpya kuwekwa juu ya msingi wa zamani. Na ukiutazama vizuri, ni jamaa ya ile busa gonofa. Tangu mwaka wa 2008 zimekuwako Kenya benki zinazofuata sharia, na mwaka wa 2022 Gulf African Bank pamoja na Safaricom walileta Halal Pesa, ambayo msingi wake ni kuuziana bidhaa kwa faida inayojulikana tangu mwanzo. Mwenye kuhitaji na aulize wanachuoni juu ya mikataba hiyo, aisome yote, asitosheke na jina. Maana jina la halali ni rahisi kuandikwa. Nami naongeza hili: mkataba ukiwa safi kabisa, umeondoa dhambi ya riba, lakini haukurudisha uso. Bado mtu amelala kitandani gizani akibonyeza, na ndugu yake yuko nyumba ya tatu hajui.

Nimesema nyumba ya tatu kwa kuwa ndivyo ilivyo kwangu. Ndugu yangu mkubwa, tuliyenyonya ziwa moja, akaa nyumba ya tatu kutoka yangu. Niliporejea kutoka Rapsu nilikuwa nimeshalipa deni lile na nyongeza yake, wala sikuwa na haja ya fedha. Hata hivyo nilikwenda kwake baada ya Isha, nikamwambia: "Kaka, nataka kukiri jambo. Kabla ya Idi nilipungukiwa, nikaona haya kukwambia, nikakopa kwa simu."

Alinyamaza kwa muda. Kisha akachukua simu yake juu ya meza, akaifungua, akaniwekea mbele. Yeye naye alikuwa na deni, si la kampuni moja bali la mbili, la pili alilikopa ili alipe la kwanza. "Mdogo wangu," akasema, "mimi niliona haya zaidi. Mimi ndiye mkubwa."

Wallahi sikujua niseme nini. Tulikuwa watu wawili wa baba mmoja, twasali msikiti mmoja, twala pamoja kila Ijumaa, na kila mmoja wetu alikuwa akimlipa mtu asiyemjua ili asimwambie mwenziwe neno moja. Lau mwezi ule mimi ningemwambia, asingekuwa na fedha za kunipa. Hilo ni kweli. Lakini angeniambia juu ya deni lake, nami ningeacha nguo za Idi nikamsaidia kidogo, na deni la pili huenda lisingalizaliwa. Khasara yetu haikuwa ada peke yake. Khasara ilikuwa ni kuwa kila mmoja aliishi mwaka mzima na ndugu asiyemjua.

Baada ya kuyaeleza haya katika darasa, ilidhihirika kuwa si sisi wawili tu. Wenzetu waliokiri walikuwa wengi kuliko tulivyodhania. Basi tukaafikiana juu ya mambo matatu, nami nayaleta mbele ya wasomaji si kwa kuwaamrisha, bali kwa kuwa huenda yakawafaa.

La kwanza: kila mtu anayetaka kukopa kwa simu alale usiku mmoja kabla ya kubonyeza, isipokuwa kwa dharura ya uhai. Haja ya kweli itakuwako asubuhi. Haja ya nguo za jirani aghlabu huwa imeondoka. Wepesi wa chombo umetuondolea ule muda wa kusita, na katika muda ule ndimo akili ya mtu hufanya kazi. Basi na turudishe muda huo kwa mikono yetu.

La pili: kabla ya kuiomba simu, amuombe mtu mmoja. Mmoja tu. Akinyimwa hakupungukiwa na kitu, na aliyemnyima atakuwa amejua kuwa nduguye ana dhiki.

La tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, lamhusu mwenye kuombwa. Afiche siri, asisimange, asiulize zaidi ya inavyohitajiwa, aandike deni na muda, na mdaiwa akidhikika ampe muda mwengine. Darasa letu limeanza kuweka sanduku dogo la mkopo mwema usio na nyongeza, kila mtu na awezacho kila Ijumaa, kwa mfano wa upatu wa mama zetu ambao waliendesha nyumba kwa huo na hawakuhitaji benki. Hesabu yake yaandikwa kwa simu, na mimi ndiye niliyepewa kazi hiyo. Ni ajabu kuwa chombo kile kile kilichonitia aibu Rapsu sasa ndicho chaandika deni lisilokuwa na riba.

Na kwa wale wenzangu wapenda vyombo nina neno moja la mwisho. Tuendelee kuvipenda. Tufungue, tutengeneze, tujifunze, tuwafundishe watoto wetu wa kike na wa kiume, maana umma unaonunua kila kitu na usiojua kutengeneza hata kimoja ni umma unaoishi kwa huruma ya wengine. Lakini kila programu mpya ikija, tusiulize tu "Yafanya nini?" Tuulize pia: "Yaniepusha na nani?" Ikiwa yaniepusha na dalali mwongo, kama simu ya yule mzee, ni kheri. Ikiwa yaniepusha na safari ya siku mbili kupeleka fedha kwa mgonjwa, ni kheri. Ikiwa yaniepusha na ndugu yangu, basi nisimame kidogo, kwa kuwa siku ya hisabu sitaulizwa khabari ya simu. Nitaulizwa khabari ya aliyekaa nyumba ya tatu.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe na nyuso mbele ya wenzetu, na atupe wenzetu wasiotuvunja nyuso. Wa billahi tawfiq.